Kiberiti Kilikuwa Mbele

Mdogo wangu alizaliwa na masikio makubwa, mpaka mama yetu akawa anamfunga kitambaa kichwani wageni wakija, wasije wakamcheka. Baadaye watu waliacha kucheka wenyewe. Kiwandani walimwita Sikio, na jina hilo likamganda, hata mkewe akawa mke wa Sikio na wanawe watoto wa Sikio. Mimi ni dada yake. Nimemtangulia kwa miaka minne, nimembeba mgongoni, nimemfundisha kufunga kamba za viatu, na ndimi niliyekaa naye mpaka mwisho. Haya ninayoyaandika sikuhadithiwa. Mengine niliyaona, na moja nililifanya mwenyewe.

Kiwanda kilikuwa cha magunia. Lilikuwa jumba refu la mabati, na ndani yake mashine arobaini za kufuma zilipangwa safu mbili, ishirini upande wa madirisha, ishirini upande wa ukuta wa ghala, na katikati njia ya mikokoteni. Nilifanya kazi humo miaka kumi na mmoja nikishona midomo ya magunia, kwa hiyo naijua ile kelele. Haikuishia masikioni, iliingia mpaka kwenye meno. Tulizungumza kwa mikono na kwa kusomana midomo. Mtu alikuwa akitoka mle jioni anamsalimia mkewe kwa sauti ya juu, majirani wanadhani nyumba inawaka ugomvi, kumbe anaulizia chakula.

Katika kelele hiyo, mdogo wangu alikuwa anasikia beringi moja ikianza kukauka.

Alikuwa na namna yake. Alisimama katikati ya jumba, mahali palipokuwa na ufa kwenye sakafu, siku zote hapo hapo, uso ukielekea madirishani. Anafumba macho. Anageuza kichwa polepole, kulia kidogo, kushoto kidogo, anakiinamisha, mfano wa kuku aliyeona kitu asichokielewa. Kisha anatembea, macho bado yamefumbwa, anaweka kiganja juu ya mashine moja kati ya arobaini, anatikisa kichwa: hii. Wanaizima, wanaifungua, na kweli. Ama beringi imekauka, ama meno ya gurudumu yamelika, ama shafti, ule mhimili wa gurudumu, ina ufa mwembamba kama unywele.

Meneja wa wakati ule hakuamini. Siku moja, sisi tukiwa tumekwenda kula, alimwagiza fundi mwingine alegeze bolti ya mashine moja kwa siri. Mashine zikawashwa, Sikio akaitwa. Akasimama kwenye ufa wake, akageuza kichwa, akaenda moja kwa moja akaigusa ile iliyolegezwa. Meneja akaanza kupiga makofi. Mdogo wangu akamwonyesha kwa mkono asubiri, akavuka njia mpaka safu ya pili, akagusa nyingine. Walipotoka nje alimwambia, "Ile mmeilegeza ninyi. Hii nyingine inakufa yenyewe." Nilikuwepo. Nililirudia neno hilo sokoni, kisimani, harusini, kila mahali penye masikio ya kusikia sifa za ndugu yangu.

Miaka thelathini na miwili alifanya kazi hiyo, na katika miaka hiyo hakuna aliyebebwa kutoka mle akiwa amefunikwa. Aliyeumia ni mmoja tu, kijana aliyeingia kiwandani na vidole kumi akabaki na tisa na jina. Tulimwita Kidole. Sikio ndiye aliyemfundisha kazi, akamwachia mashine ya tatu kutoka kulia, safu ya madirishani. Kidole alimshika kama baba. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, kila Jumapili alikuja kumnyoa ndevu mdogo wangu, na mimi akaniita Shangazi.

Kilichomtoa Sikio kiwandani ni vumbi. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia, "Mzee, ukikanyaga tena mle, usije kwangu." Akarudi nyumbani na pumzi fupi. Akipanda ngazi tatu anakaa. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wametawanyika kutafuta maisha, nami nikahamia kwake na sanduku langu moja. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akisikiliza barabara. "Huyo anayepita," ananiambia, "kiatu cha kushoto kimeachia soli." Namchungulia mtu, naona soli inapepea. Miaka minne hakuna aliyekuja kutoka kiwandani isipokuwa Kidole na wembe wake.

Halafu mashine zilianza kufa mfululizo. Zilikuwa zimezeeka, na hakuna wa kuzisikiliza. Ndipo alipokuja Injinia.

Alikuwa kijana mwembamba, mwenye adabu, anavua viatu mlangoni hata usipomwambia. Alikuja na Kidole amebeba boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na kichwa. Nasema kichwa: cha mpira, kina pua, kina midomo, kina masikio mawili, hakina macho.

Kidole akakiweka mezani, akakipangusa. "Shangazi, huyu ndiye mchumba niliyekuwa nakutafutia. Hali, hanywi, hajibu. Anasikiliza tu."

"Mpeleke kwa mama yako," nikamwambia. "Mimi wa namna hiyo nilishaolewa naye miaka ishirini."

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa.

Injinia akaeleza. Ndani ya kila sikio la kile kichwa kulikuwa na maikrofoni. Wangekisimamisha kiwandani palepale penye ufa, uso ukielekea madirishani, kirekodi kelele. Kisha Sikio angevaa hedifoni akiwa kwenye kiti chake, bila kuvuta hata punje ya vumbi.

"Sauti inakuzunguka pande zote, mzee," alisema. "Mbele, nyuma, juu. Utadhani umesimama mle ndani."

Mdogo wangu alinyoosha mkono akapapasa lile sikio la mpira. "Haya masikio ni ya nani?"

"Si ya mtu, mzee. Yametengenezwa kwa kipimo cha watu wengi."

"Basi si yangu. Yangu hayakuwahi kuwa ya watu wengi. Muulize dada, mama alikuwa anayafunga kitambaa."

Tukacheka tena. Ningejua, nisingecheka.

Injinia akataka kutuonyesha. Akaanza na mimi. Alitikisa kiberiti kukizunguka kile kichwa, akarekodi, akanivalisha hedifoni, akaniambia nifumbe macho. Jamani. Njiti zililia kwenye sikio la kulia, zikapita kisogoni, nikasikia mtu yuko nyuma ya bega langu kabisa. Niligeuka kumkemea. Hakuna mtu, ukuta mtupu. Nilisema hiki kitu ni kweli, hakuna ubishi, na kama wazee wetu wangekisikia wangekimbia nyumba.

Ikafika zamu ya mdogo wangu, na hii ndiyo iliyokuwa ya kupima. Kidole alimshika mkono wakatoka barazani ili asione. Mimi nilibaki ndani nimekaa kwenye mkeka. Injinia alitikisa kiberiti mahali sita, akaandika kila mahali kwenye karatasi. Cha mwisho alikitikisa mbele ya uso wa kile kichwa, kwenye pua kabisa. Niliona kama ninavyouona mkono wangu huu.

Sikio akaingia, akavaa hedifoni, akafumba macho.

"Kulia," akasema. "Kushoto. Nyuma. Kulia, juu kidogo. Kushoto, chini." Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, akakunja uso. "Nyuma."

Kalamu ya Injinia ilisimama. "Cha mwisho, mzee?"

"Nyuma."

Injinia aliniangalia. Kidole naye alikuwa mlangoni anaangalia, na uso wake umejaa furaha ya mtu anayemwona baba yake akishinda. Nami ndani yangu kitu kikapanda. Miaka yote nilikuwa nimesema ndugu yangu hakosei. Nimesema kwa wakwe, nimesema kwa maadui. Leo kijana wa juzi ajaze kwenye karatasi kwamba Sikio hajui mbele na nyuma?

"Ulizunguka nyuma mwishoni," nikamwambia Injinia. "Nilikuwa nimekaa hapa nakuangalia."

"Mama, mimi nadhani nili..."

"Unadhani. Mimi niliona. Au umri huu nimekuwa mwongo?"

Aliinamisha kichwa. Alikuwa amelelewa, masikini, na malezi yake ndiyo niliyoyatumia. "Labda nilizunguka, mama," akasema. Akaandika sita kwa sita.

Walipoondoka, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, kile kiberiti cha mwisho kilikuwa wapi?"

"Si ulisema nyuma? Kilikuwa nyuma."

"Sikukisikia nyuma, kusema kweli. Nilikisikia katikati ya fuvu. Nikasema nyuma kwa sababu hakikuja mbele." Akavuta pumzi. "Na jambo jingine. Nikigeuza kichwa, sauti nayo inageuka na mimi. Kiwandani nikigeuza kichwa, mashine hubaki pale zilipo, ndipo ninapojua. Humu, ninageuka na kiwanda kizima nimekivaa."

"Basi usigeuze kichwa," nikamwambia. "Watu wamekusahau miaka minne, leo wamekufuata mpaka kitini, na wewe unatafuta kasoro?"

Hakubishana. Kesho yake aliniomba nimpigie pasi shati la kazi. Kila Jumatano Injinia alipokuja na rekodi, alimkuta Sikio ameketi wima, shati limenyooka, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Alirudi kuwa mtu. Alikula. Aliwakemea wapita njia juu ya soli zao.

Jumatano ya kwanza alisema: safu ya ukutani, ya tisa kutoka kushoto. Wakafungua, kweli. Jumatano ya pili: safu ya ukutani, ya kumi na nne. Kweli. Nilikwenda sokoni nimenyoosha shingo kama twiga. Sikujiuliza kwa nini zote mbili zilikuwa safu ya ukutani, ambayo kwa mtu aliyesimama kwenye ule ufa ni nyuma.

Jumatano ya tatu alisikiliza kuliko siku zote. Jasho lilimtoka. "Hii ni mbaya," akasema. "Hii ni shafti, inalia kwa ndani. Ya tatu kutoka kulia." Akanitazama mimi. "Nyuma. Safu ya ukutani."

Wakaizima ya tatu ya ukutani, wakaifungua.

Jumapili, Kidole akaja kumnyoa. Akampaka sabuni, akaanza na shavu. "Umepata tena, Fundi. Ile ya ukutani tumekuta beringi imelika, tumeweka mpya."

"Imelika kiasi gani?"

"Kidogo."

Mdogo wangu akaushika ule mkono wenye wembe. "Kidogo? Niliyoisikia mimi haikuwa kidogo. Na shafti?"

"Shafti nzima. Kaa vizuri, nitakukata sikio, halafu kiwanda kifungwe."

"Mashine yako wewe ikoje?"

"Yangu inaimba tu."

"Inaimba vipi?"

"Fundi, inaimba kama siku zote. Mashine ya mwaka ule unataka ikae kimya kama bibi harusi?"

Sikio hakucheka. Sabuni ilikuwa inamkauka usoni. Akaniita, nami nilikuwa nachambua mchele palepale. "Dada. Nakuuliza, na baada ya hapa sikuulizi tena. Siku ile, kiberiti cha mwisho kilikuwa nyuma?"

Kidole alisimama mbele yake na wembe mkononi, ananitazama mimi, ananingojea. Ya tatu kutoka kulia, safu ya madirishani. Nilijua ni mashine yake. Nilijua pia kwamba nikisema mbele, itabidi niseme na kwamba nilidanganya, mbele ya kijana aliyekuwa akiniita Shangazi na kuamini kila neno langu. Nikajiambia: wameshafungua, wamekuta beringi, mambo yamekwisha.

"Nyuma," nikasema.

"Umesikia, Fundi?" Kidole akasema. "Shangazi ameshakata shauri." Akamalizia shavu la pili.

Shafti ilikatika Jumanne, saa nne asubuhi. Gurudumu la mashine ya tatu kutoka kulia, safu ya madirishani, lilitoka na kumpiga Kidole kifuani. Waliokuwepo walisema hakupiga hata kelele. Na kama alipiga, nani angesikia mle ndani?

Tulikwenda msibani. Mdogo wangu alibebwa kwenye kiti na wanaume wawili kwa sababu pumzi haikumtosha kutembea. Mjane wa Kidole hakumsalimia. Watu walinong'ona, na walinong'ona kwa nguvu, kama watu wa kiwandani: Sikio limeziba. Mzee amekuwa kiziwi, na nyumbani wanalificha hilo, na dada yake bado anamtangaza sokoni.

Baada ya wiki mbili kiwanda kilileta karatasi ya uchunguzi. Injinia alituma mtu mwingine, hakuja mwenyewe. Ilisema kifaa kilipimwa nyumbani, mbele ya familia, kikatoa sita kwa sita. Kwa hiyo kasoro haikuwa ya hedifoni. Usikivu wa mzee ulikuwa umepungua kwa umri.

Mdogo wangu aliniomba nimsomee mara mbili. Kisha akasema, "Kwa hiyo yalikufa bila kuniambia." Alikuwa anasema juu ya masikio yake.

Tangu hapo aliacha kusikiliza. Nilifungua redio, akaniomba niizime. Alihamisha kiti kutoka dirishani akakiweka kwenye kona, uso unatazama chumba, mgongo ukutani. Mtu mwenye soli iliyoachia angeweza kupita mara kumi. Chakula alikipokea na kukirudisha. Aliamini ameua kwa kuziba masikio, na mimi niliyekuwa na neno moja la kumtoa humo nilikuwa nafagia, napika, nafua.

Wiki ya tano nilichukua kiberiti jikoni. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Fumba macho," nikasema.

"Niache, dada."

"Fumba."

Akafumba. Nikatikisa kulia. "Kulia," akasema, amechoka. Nikatikisa kushoto. Akasema kushoto. Nikakivuta kiti chake mbali na ukuta nipate kupita, nikatikisa kisogoni, akasema nyuma. Nikarudi nikakishika kiberiti mbele ya pua yake, nikakitikisa kidogo tu, njiti mbili tatu zigongane. Niliona kichwa kinageuka, kulia kidogo, kushoto kidogo, kile kichwa cha kuku nilichokijua.

"Mbele," akasema. Akafumbua macho. "Nimekosa mangapi?"

"Hakuna ulichokosa. Siku ile nayo kilikuwa mbele. Mbele ya pua ya kile kichwa cha mpira. Niliona."

Nilisubiri. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi.

"Uliniambia nyuma mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

"Ya pili Kidole alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Nivalishe viatu."

Tulikwenda kwa mjane wa Kidole. Mwendo wa nyumba nane ulituchukua karibu saa nzima, anakaa kila penye jiwe. Mjane alikuwa anaanika nguo, magunia yake matatu ya kiwandani yametandikwa chini, watoto wamekaa juu yake. Sikio alisema, "Mwambie." Nikamwambia nikiwa nimesimama, jua linanipiga, mbele ya watoto, tangu kiberiti mpaka wembe. Sikuacha kitu.

Alisikiliza akiwa ameshika shati la mumewe limelowa. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akampigia goti. "Shikamoo, Baba. Nilikuwa sijakusalimia." Mimi hakunitazama. Aliokota beseni, akawaita watoto, akafunga mlango.

Nilikwenda mpaka kiwandani pia, kwa Injinia. Alinikalisha, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nilijua kilikuwa mbele. Kalamu nilikuwa nayo mimi." Karatasi nyingine iliandikwa. Hedifoni zilirudishwa kwenye boksi, na kile kichwa nasikia kiko stoo, kimefunikwa gunia.

Mjini watu waliacha kusema Sikio limeziba. Wanachosema juu yangu nakijua, na wana haki ya kukisema.

Mdogo wangu aliishi miezi miwili baada ya hapo. Kiti alikirudisha dirishani mwenyewe, akisukuma na kupumzika, akisukuma na kupumzika. Alikula kidogo. Hakunifukuza, hakunitukana, na asubuhi aliitikia nikimwamkia. Lakini kila nilipomwita nikiwa nimesimama mbele yake, na uji mkononi au dawa mkononi, aligeuza shingo taratibu akatazama nyuma, ukutani, akakaa hivyo kidogo kama anayetafuta nani kamwita. Kisha ndipo anageuka kupokea bakuli.

Mwanzoni nilidhani masikio yameanza kumchanganya kweli. Siku ya tatu nikaelewa: ni mimi niliyemwambia kwamba cha mbele kiko nyuma. Alisikia vizuri mpaka siku aliyokufa, na siku hiyo pia, nilipomwita kwa mara ya mwisho nikiwa nimeinama mbele ya uso wake, aligeuka akatazama ukuta.